Nyuki, Shahidi wa Hewa

Watu humjua nyuki kwa mambo mawili: asali yake na mwiba wake. Kwa asali wanadamu wamempenda, na kwa mwiba wamemwogopa, na baina ya mapenzi na hofu hiyo wameishi naye tangu zamani za mbali. Wakamba walimtundikia mizinga ya magogo juu ya miti. Wamisri wa kale walimchonga katika kuta za mahekalu yao. Wakulima wa Ulaya walimsukia vikapu vya majani makavu, wakaviweka nyuma ya nyumba. Wote hao walimtaka nyuki tunda la kazi yake, yaani asali na nta, wala hawakuwa na haja nyingine naye.

Katika karne ya 20 walitokea wataalamu wachache waliomtaka nyuki jambo la tatu. Walimtaka habari. Walimwuliza kuna nini katika hewa aivutayo, katika maji ateke­yo, na katika maua ayatembeleayo. Swali hili laweza kuonekana la ajabu, maana nyuki hasemi. Lakini mahakama nyingi zimewahi kuhukumu kwa ushahidi wa vitu visivyosema: alama ya kiatu katika matope, au tone la damu katika kanzu. Insha hii ni historia fupi ya jinsi wanadamu walivyojifunza kusoma ushahidi wa nyuki, na ya jinsi walivyoutumia au walivyoshindwa kuutumia.

Yafaa kwanza tufahamu jinsi mdudu mdogo kama huyu awezavyo kubeba habari za nchi nzima. Mzinga wenye afya huwa na makumi ya maelfu ya nyuki, na karibu wote ni watenda kazi. Mtenda kazi akifika umri wa majuma matatu hivi huacha kazi za ndani, akatoka kwenda kutafuta chakula. Aghalabu huenda mwendo wa kilomita mbili au tatu, na penye njaa huenda mbali zaidi. Tukichora duara lenye mzinga katikati, na kilomita tatu kila upande, tutapata eneo la kilomita za mraba 28 na zaidi. Hakuna mtu awezaye kupita kila shamba, kila ua na kila mtaro wa eneo hilo kwa siku moja. Nyuki wa mzinga mmoja huweza.

Tena nyuki hupita akigusa. Hunyonya mbochi, yaani maji matamu yaliyo ndani ya ua. Hukusanya chavua, ule unga wa maua, akaufunga katika miguu yake ya nyuma. Huteka maji katika madimbwi. Hukwangua utomvu wa miti ili kutengeneza gundi ya kuzibia nyufa za nyumba yake. Juu ya hayo, mwili wake umejaa vinyweleo, na anaporuka hupata nguvu kidogo ya umeme ambayo huvuta vumbi jembamba lielealo hewani. Jioni ikifika wote hurudi mahali pamoja, kama watoza ushuru waliotumwa katika kila kijiji wakarudi kwa mfalme mmoja. Mtu akitaka kujua hali ya vijiji hana haja ya kuvizunguka. Atangoja mlangoni.

Kila kitu mzingani kina kumbukumbu yake, na kumbukumbu hizo hazilingani. Nyuki atafutaye chakula haishi majuma mengi, basi mwili wake hueleza habari za siku za karibuni tu. Chavua hueleza habari za maua ya majira yaleyale. Nta ni kama mzee wa kijiji: dawa za kuulia wadudu ambazo huyeyuka katika mafuta hujificha ndani yake, zikakaa kwa miaka. Gundi hunasa vumbi na madini. Asali, ambayo sisi twaidhania kuwa shahidi mkuu, mara nyingi ndiyo yenye uchafu mdogo kuliko vyote, kwa sababu mbochi hukaa ndani ya ua, na sehemu ya uchafu hubaki katika mwili wa nyuki mwenyewe. Kwa hiyo mchunguzi mwenye busara huchagua ni nani wa kumwuliza, kulingana na jambo analotaka kujua.

Wazo la kumfanya nyuki shahidi halikuanza jana. Mwaka wa 1935 mtaalamu mmoja wa Chekoslovakia, Jaroslav Svoboda, alisema kuwa nyuki wanaweza kutupa habari za thamani juu ya madhara ya viwanda katika nchi inayovizunguka. Wakati ule viwanda vya Ulaya vilikuwa vikimwaga moshi mwingi, na moshi ulihesabiwa kuwa dalili ya ustawi. Wafugaji waliokaa karibu na viwanda waliona nyuki wao wakifa, lakini kifo cha nyuki kilikuwa hasara ya mfugaji peke yake. Svoboda alikitazama kifo hicho kwa jicho jingine, akaona kuwa ni habari iliyotumwa kwa watu wote.

Miaka 25 baadaye mtaalamu huyohuyo alipata jambo zito zaidi la kuwauliza nyuki wake. Mataifa makubwa yalikuwa yakijaribu mabomu ya atomiki hewani, na mavumbi ya mabomu hayo yalichukuliwa na upepo yakaanguka na mvua katika nchi ambazo hazikuwa na bomu wala ugomvi. Mwaka wa 1960 na 1961 Svoboda aliona kuwa strontiamu 90, ambayo ni moja ya sumu zizaliwazo na mabomu hayo, ilikuwa ikiongezeka katika mazingira ya nyuki. Mwaka wa 1963 Marekani, Uingereza na Urusi ya Kisovieti zilitia sahihi mkataba wa kukataza majaribio ya hewani. Mkataba ule ulitokana na hofu nyingi na hoja nyingi, wala hatuwezi kusema kuwa nyuki waliuleta. Twaweza kusema tu kwamba walikuwa miongoni mwa mashahidi.

Ushahidi huo haukufutika upesi. Mwaka wa 2021 wataalamu wa chuo cha William & Mary, katika jimbo la Virginia, walitangaza kuwa walipima asali 122 za mashariki mwa Marekani, wakakuta sesiamu 137 katika asali 68. Sesiamu hiyo ilitoka katika mabomu ya miaka ya 1950 na 1960. Ajabu nyingine ni kwamba haikuwa nyingi mahali palipopata mavumbi mengi. Ilikuwa nyingi mahali ambapo udongo una upungufu wa potasiamu, kwa sababu mmea wenye njaa ya potasiamu huichukua sesiamu ukidhani kuwa ndiyo potasiamu. Kiasi kilichoonekana hakikufikia kiwango cha kuwadhuru walaji. Hata hivyo yafaa tukumbuke kwamba waliopima asali ile walikuwa wakisoma matendo ya kizazi cha babu zao.

Bomu ni jambo la serikali, na hulipuliwa mbali. Sumu nyingine hutoka karibu, katika dohani ya jirani, na aghalabu jirani huyo ndiye mwajiri wa watu wa mji. Hapo ndipo ushahidi huwa mgumu kusikilizwa. Mfano ulio wazi ni ule wa Tacoma.

Tacoma ni mji wa bandari katika jimbo la Washington, magharibi mwa Marekani, kando ya ghuba iitwayo Puget Sound. Mwaka wa 1890 palifunguliwa hapo tanuri la kuyeyushia risasi. Baadaye lilinunuliwa na kampuni ya ASARCO, na tangu mwaka wa 1912 likawa tanuri la shaba. Mawe ya shaba yaliyoletwa huko kwa meli yalikuwa na aseniki nyingi, na aseniki ni sumu inayojulikana tangu kale. Sehemu yake ilikusanywa ikauzwa, na sehemu nyingine ilipaa na moshi. Mwaka wa 1917 kampuni ilijenga dohani yenye urefu wa futi 571, yaani mita 174. Nia ya dohani ndefu ni kuondoa moshi machoni mwa watu walio chini yake. Lakini moshi uendao juu hauendi mbinguni. Huchukuliwa na upepo, ukashuka juu ya watu wengine.

Kwa miaka mingi watu wa Tacoma waliishi chini ya dohani hiyo. Iliwapa mishahara, na kwa mishahara walijenga nyumba wakasomesha watoto. Katika miaka ya 1970 waganga walipima watoto waliokaa karibu na tanuri, wakakuta aseniki katika mikojo yao. Basi habari ya hatari haikuwa siri tena. Jambo ambalo halikujulikana vizuri lilikuwa upana wake: je, sumu ilikoma katika mitaa iliyo karibu, au ilivuka maji ikafika katika visiwa na mashamba?

Hapo akaingia Jerry Bromenshenk, mtaalamu wa wadudu wa Chuo Kikuu cha Montana. Katika miaka ya 1970 alikuwa amewachunguza nyuki wa Colstrip, mahali palipojengwa mitambo mikubwa ya kuzalisha umeme kwa makaa ya mawe, na alikuwa na bidii ya kuwapima kabla ya mitambo kuwashwa, ili apate kipimo cha kulinganisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 yeye na wenzake waliwaendea wafugaji wa nyuki wa Puget Sound. Hawakuomba fedha wala mashine. Waliomba nyuki. Wafugaji hao walikuwa watu wa kawaida, wenye mizinga michache nyuma ya nyumba zao. Nao kwa hiari yao wakakusanya nyuki kutoka katika sehemu nyingi za ghuba, mjini na mashambani, bara na visiwani, wakawatoa wapimwe aseniki, kadimi na floridi.

Matokeo yalichorwa katika ramani, na ramani ile ilisema waziwazi. Aseniki ilikuwa nyingi katika miili ya nyuki waliokaa karibu na Tacoma na upande wa kisiwa cha Vashon, kilicho ng'ambo ya maji, na ilipungua kadiri mtu alivyokwenda mbali. Mwaka wa 1985 habari hizo zilichapishwa katika jarida la Science. Huo ulikuwa ushahidi wa namna mpya. Shamba moja likipimwa, mwenye kiwanda aweza kusema kuwa shamba hilo lilitiwa dawa zamani. Mtoto mmoja akipimwa, yaweza kusemwa kuwa alichezea kitu kibaya. Lakini nyuki wa wafugaji wengi, wasiojuana wala wasiokula njama, wakielekeza kidole mahali pamoja, ni vigumu kuwakana.

Wakati ramani ikitayarishwa, watu wa Tacoma walikuwa katika mjadala mkali. Mwaka wa 1983 William Ruckelshaus, mkuu wa shirika la serikali ya Marekani la kulinda mazingira, aliwaeleza kuwa hata tanuri likifungiwa mitambo bora iliyopatikana siku zile, hatari ya saratani isingekwisha kabisa. Aliitisha mikutano, akawauliza wananchi maoni yao: kiasi gani cha hatari wangeweza kukikubali ili mamia ya watu wasipoteze kazi? Wengine walimsifu kwa kuwashirikisha raia. Wengine walimlaumu, wakisema kuwa serikali inawatwika wagonjwa kazi ya kujiandikia dawa. Wako waliohudhuria mikutano wakiwa na beji zenye neno moja tu, ambalo maana yake ni "vyote viwili": walitaka kazi na walitaka afya, nao waliona ni dhuluma kuambiwa wachague.

Tusiwacheke watu wale. Mtu asiyepata kuishi kwa mshahara wa dohani aweza kusema upesi kuwa dohani ibomolewe. Aliye na watoto wa kulisha hasemi upesi. Mwenye watoto hao hao, akisikia kuwa hewa wanayoivuta ina sumu, halali. Hayo ndiyo matatizo ya kweli ya uchafuzi, na ramani nzuri kuliko zote haiwezi kuyatatua peke yake.

Jambo lilikwishaje? Tanuri lilifungwa mwaka huohuo wa 1985. Kampuni ilikuwa imekwisha kutangaza nia hiyo mwaka wa 1984, maana bei ya shaba ilikuwa imeanguka na gharama za kupunguza moshi zilikuwa kubwa. Lazima tukiri ukweli: si nyuki waliolifunga, na hata serikali haikulifunga. Lilifungwa na hesabu za fedha. Wafanyakazi walipoteza kazi, na aseniki ilibaki. Dohani iliangushwa kwa baruti mwezi wa Januari mwaka wa 1993, watu wengi wakitazama. Lakini sumu iliyokwisha kutoka haikurudi ndani yake. Serikali ya jimbo ilipopima udongo iliona kuwa uchafu wa tanuri lile umeenea katika eneo la zaidi ya maili za mraba 1,000, sawa na kilomita za mraba 2,590. Udongo wa nyua nyingi ulichimbwa ukaondolewa, ukaletwa mwingine, ili watoto wacheze bila hatari. Kampuni ilijiandikisha mahakamani kuwa imefilisika mwaka wa 2005, na fedha za kusaidia kusafisha zilipatikana baada ya kesi ndefu. Kazi ya kusafisha ilidumu kwa muda mrefu kuliko umri wa wengi wa wasomaji wa kitabu hiki. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na mji ufichao sumu huumbuliwa na udongo wake.

Katika miaka ile ile nyuki walikuwa wakihojiwa katika Italia kwa njia nyingine. Katika mji wa Bologna profesa Giorgio Celli na wenzake walishughulika na dawa za kuulia wadudu mashambani. Aseniki au risasi iliyo kidogo mwilini mwa nyuki haimwui palepale, kwa hiyo lazima nyuki apimwe katika maabara. Dawa ya wadudu ni kinyume chake: humwua, na kifo chake ndicho neno lake la kwanza. Basi wataalamu wa Bologna waliweka vikapu chini ya milango ya mizinga ili kupokea maiti ambazo nyuki huzitoa nje, wakazihesabu kila juma. Idadi ikipanda kupita kiasi walichokiweka, waliwapeleka nyuki wale maabarani ili ijulikane ni dawa gani iliyowaua. Na chavua iliyokutwa miilini mwao ilionyesha walikuwa katika maua ya mimea gani. Kwa njia hiyo ilijulikana mara nyingi kuwa mkulima alikuwa amenyunyiza dawa wakati mimea ilipokuwa imechanua, jambo ambalo lingeweza kuepukwa kwa kungoja siku chache.

Ushahidi wa dawa umezidi kuwa mwingi tangu hapo. Mwaka wa 2017 wataalamu wa Uswisi walitangaza kuwa walipima asali 198 kutoka mabara yote yanayokaliwa na watu, wakakuta kuwa robo tatu zilikuwa na angalau dawa moja ya jamii iitwayo neonikotinoidi. Katika asali nyingi kiasi kilikuwa chini ya mpaka uliowekwa kwa ajili ya walaji. Hofu yao ilikuwa juu ya nyuki wenyewe. Mwaka wa 2018 Umoja wa Ulaya ulikataza dawa tatu za jamii hiyo zisitumiwe katika mashamba ya wazi. Safari hii ushahidi wa nyuki, pamoja na ushahidi mwingine, ulifika mahali pa hukumu.

Miji mikubwa nayo ilianza kumtumia mdudu huyu. Uwanja wa ndege wa Düsseldorf, Ujerumani, umeweka mizinga tangu mwaka wa 2006 ili asali na nta zipimwe. Huko Vancouver, Kanada, wataalamu wa Chuo Kikuu cha British Columbia walipima asali ya mitaa mbalimbali, wakatangaza habari zao mwaka wa 2019. Hao walitafuta kujua zaidi ya kiasi cha risasi. Walitaka kujua imetoka wapi. Risasi ya machimbo mbalimbali hutofautiana kidogo katika uzito wa chembe zake, kama vile watu wa koo mbalimbali wanavyotofautiana nyuso. Kwa mizani za siku hizi tofauti hiyo yaweza kusomwa. Iliwabainikia kuwa asali ya karibu na bandari na kitovu cha mji ina risasi iliyoletwa na kazi za watu, na ya mashambani ina risasi ya asili ya nchi. Lakini iliwabainikia pia kuwa asali ya mji wao ni safi sana: mtu mzima angepaswa kula zaidi ya gramu 600 kila siku ndipo avuke mpaka wa salama. Shahidi mwaminifu husema habari njema pia.

Haukupita muda mrefu, njia hiyo ikapata mtihani mkubwa. Tarehe 15 Aprili 2019 kanisa kuu la Notre-Dame, katika mji wa Paris, liliungua. Paa lake na mnara wake vilikuwa na mamia ya tani za risasi, na moshi wa manjano ulionekana ukipanda, ukapeperushwa kuelekea magharibi. Juu ya jengo dogo lililo kando ya kanisa palikuwa na mizinga mitatu, na nyuki wake walisalimika. Mwezi wa Julai asali ilikusanywa kutoka sehemu mbalimbali za mji na nje yake, ikapimwa na wataalamu walewale wa Vancouver. Asali ya mizinga iliyokuwa upande wa upepo wa moshi ilikuwa na risasi karibu mara nne kuliko asali ya pembezoni mwa mji na mashambani. Asali yenye risasi nyingi kuliko zote ilikuwa na maikrogramu 0.08 katika kila gramu, na mpaka wa Ulaya ni 0.10. Hivyo asali ililika bila hofu, na njia ya moshi ilijulikana kwa ushahidi wa maua na nyuki.

Baada ya kusema sifa zote hizi, si haki tusitaje udhaifu wa shahidi wetu. Nyuki hachagui maua kwa ajili ya sayansi. Huenda penye chakula, na laweza kuwapo shamba lenye sumu ambalo hakulifikia. Huonyesha mtaa, lakini hawezi kuonyesha nyumba. Tena nyuki hufa kwa mambo mengine: njaa, baridi, magonjwa, na yule mdudu mdogo wa kunyonya aitwaye varoa. Mtu akikuta maiti mlangoni pa mzinga akapiga kelele kuwa kiwanda kimeua, kabla ya kupima, amekosa adabu ya elimu sawasawa na mwenye kiwanda anayekana kabla ya kupima. Na juu ya yote, kipimo cha leo hakina maana kubwa kama hakuna kipimo cha jana cha kulinganisha nacho. Ndiyo maana Bromenshenk aliwapima nyuki wa Colstrip kabla ya mitambo kuwaka.

Neno hili la mwisho latuhusu sisi wa Kenya kuliko yote. Mwaka wa 2014 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika mahali 24 nchini, kuanzia nyanda za juu hadi pwani. Wachunguzi walimkuta varoa karibu kila mahali isipokuwa kaskazini ya mbali, lakini walikuta dawa za wadudu chache tu mizingani, tena kwa viwango vya chini. Mwaka huohuo maabara ya afya ya nyuki wa Afrika ilifunguliwa katika kituo cha icipe, Nairobi. Basi twaona kuwa sisi tumebahatika kupata kitu ambacho watu wa Tacoma hawakukipata mwaka wa 1890: tuna rekodi ya kwanza, na tuna mahali pa kupimia.

Lakini rekodi ya mahali 24 haiitoshi nchi kubwa kama hii, na mashamba, barabara na viwanda havikusimama tangu mwaka ule. Mizinga tunayo kwa wingi, ya magogo na ya kisasa, katika Ukambani, Baringo, Pokot na kwingineko. Kila mzinga ni ofisi ya upimaji isiyodai mshahara, na kila mfugaji aweza kuwa kama wale wafugaji wa Puget Sound waliotoa nyuki wao kwa hiari. Kinachotakiwa ni watu waliosoma kemia, biolojia na jiografia, wenye subira ya kuandika namba mwaka baada ya mwaka, hata katika miaka ambayo namba hizo hazina habari ya kutisha.

Baadhi yenu mtakuwa watu hao. Wengine mtakuwa wenye viwanda, wakulima wakubwa, madiwani, na mahakimu. Siku moja mpango wa kujenga tanuri au mtambo utaletwa mezani kwenu, na watu watasimama wawaambie kuwa kazi zinahitajika, nao watakuwa wamesema kweli. Msiwafukuze. Waulizeni tu swali moja kabla ya kutia sahihi: je, nyuki wa mahali hapo wamekwisha kupimwa? Ikiwa bado, wapimeni kwanza, mwandike, mhifadhi karatasi mahali ambapo wajukuu wenu wataiona.